Moto Uliofunguliwa Rasmi

Palikuwa na nchi. Sisemi ipo, nasema palikuwa, na atakayeitambua ataitambua kwa akili yake mwenyewe, mimi sikumshika mkono. Katika nchi hiyo hakuna kitu kilichoruhusiwa kuanza kazi kabla mgeni rasmi hajakikatia utepe. Kisima kilichimbwa, maji yakajaa hadi ukingoni, na wanawake wakakaa na ndoo zao wakiyatazama kwa miezi minne kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na mafua. Daraja la Mto Kengeza lilipokamilika, watu waliendelea kuvuka mto kwa kulowana, daraja jipya likiwa juu ya vichwa vyao na utepe mwekundu kila upande. Hawakulalamika. Mtu mstaarabu hatumii kitu kisichofunguliwa.

Mambo hayo yote yalisimamiwa na Wizara ya Majanga na Sherehe. Wageni walishangaa kuona majanga na sherehe vimewekwa chini ya paa moja, lakini wenyeji waliwaeleza kwamba vyote viwili vinahitaji mahema, viti vya plastiki na hotuba, kwa hiyo kuvitenganisha kungekuwa ubadhirifu. Chini ya Wizara kulikuwa na Idara Kuu ya Zimamoto, na chini ya Idara kulikuwa na gari moja jekundu lililoitwa Mkombozi. Lilikuwa na ngazi, king'ora na tangi la lita elfu tano za maji. Kazi yake kubwa ilikuwa kunyunyizia barabara kabla ya msafara wa wakubwa kupita, ili vumbi lisiwakere. Moto ukitokea siku isiyo na msafara, lilikwenda huko pia.

Siwema alilifahamu gari hilo tangu utotoni. Alipokuwa na miaka sita nyumba yao iliungua, na mama yake, Bi Nyamizi, akatoka na vitu viwili tu: Siwema mgongoni na cherehani kichwani. Mkombozi alifika siku ya pili pamoja na mpiga picha. Tangu hapo Bi Nyamizi akawa na desturi. Kila jioni, kabla ya kutia mkono kwenye sahani, alimwambia mwanawe mahali ilipo mashine. "Iko chini ya dirisha. Moto ukija na mimi sipo, toa hiyo kwanza." Siwema alijibu, "Chini ya dirisha, nimesikia," ndipo wakala. Mashine ilipohamia kibandani katika Soko la Mabanzi, maneno yalibadilika kidogo lakini desturi ikabaki. Nyumba nyingine watoto hufundishwa dua ya chakula; nyumba hii dua yao ilikuwa hiyo.

Kwa hiyo Siwema alipotimiza miaka kumi na mitano na kuona tangazo la Mpango wa Kadeti Wazimamoto, alijiandikisha siku hiyo hiyo. Kaulimbiu ya mpango ilikuwa "Leo Tujifunze, Kesho Tuzime". Bi Nyamizi alimshonea sare kwa mkono wake, akaweka mshono maradufu kwenye magoti, kwa sababu alifikiri mzimamoto hupiga magoti sana.

*

Kadeti walikuwa ishirini, na miezi mitano ya kwanza walifundishwa kutembea. Mtu aliyetembea tangu ana mwaka mmoja anaweza kudhani somo hilo amelimaliza, lakini Kamishna Mkuu, Daktari Mtambalike, aliwaeleza kwamba raia hutembea ili afike, ilhali mzimamoto hutembea ili aonekane. Wakajifunza kugeuka kulia, kugeuka kushoto na kumpigia saluti Mkombozi. Kofia ngumu ilikuwa moja, ikazungushwa kichwa hadi kichwa wakati wa picha. Mpira wa maji hawakuugusa, kwa kuwa ulikuwa mpya na bado una utepe. Walifanya mazoezi kwa kamba ya katani, wakaielekeza ukutani na kutoa sauti ya maji kwa midomo. Siwema alisifiwa mbele ya wenzake kwa kuwa na sauti ya maji nzuri kuliko wote.

Mwezi wa sita akaletwa Sajini Mlekwa. Huyu alikuwa mzimamoto kweli. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu kutoka kiganjani hadi kiwikoni, na alikunja mikono ya shati lake wakati wote, hata kwenye baridi. Siku ya kwanza aliitupa kamba ile kando, akawalaza wote kifudifudi.

"Moshi huua kabla ya moto," aliwaambia. "Hewa iko chini. Tambaa. Ukisimama kwa ushujaa, utazikwa kwa ushujaa."

Aliwafundisha kwamba mafuta yakishika moto hayamwagiwi maji, yanafunikwa. Aliwafundisha kugusa mlango kwa nyuma ya kiganja kabla ya kuufungua. Akawaambia kwamba moto hausubiri mtu, na kila sekunde unayoipoteza umeupa nyumba ya jirani. Siwema aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani, akamtambaza mama yake sakafuni huku mama mwenyewe akicheka hadi kukohoa. Hakuwa na baba wa kumtaja, basi akaanza kusema "Afande amesema" asubuhi na jioni. Bi Nyamizi alimwacha aseme.

*

Kisha likaja agizo kwamba kila kadeti achore Ramani ya Hatari ya mtaa wake. "Serikali inataka kujua mahali pa kupeleka maji," alieleza Kamishna, na alipotamka neno maji alifumba macho, ikaonekana analipenda sana.

Siwema alichagua Mabanzi. Soko hilo lilikuwa na vibanda mia moja na kumi na viwili, vyote vya mbao za mabaki, vimeegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Halikuwa na bomba hata moja. Wenye vibanda kwa kawaida walipomwona mtu na karatasi walifunga milango, lakini huyu walikuwa wamemlea wenyewe.

"Wewe ni mwanetu, ingia," alisema Kapela, mkaanga chipsi, ambaye kibanda chake kilipakana na safu ya mafundi cherehani. Akamwonyesha madumu ya mafuta nyuma ya jiko. Wengine wakamwonyesha waya walizozivuta kwa siri kutoka kwenye nguzo ya taa ya barabarani, chupa za petroli za waendesha pikipiki, na ubao gani wa nyuma ukiusukuma unatoka. Kwa wiki tatu Siwema alipima kwa hatua, akachora kwa penseli, akatia msalaba mwekundu kila palipokuwa na hatari. Kibanda cha mama yake alikichorea cherehani ndogo, yenye gurudumu, na kwenye gurudumu akauweka hata ule ufa ilioupata siku ya moto wa zamani. Pembeni akaandika jina lake mwenyewe.

Kapela aliitazama ramani ilipokamilika, akajikuna shingo. "Nzuri. Nzuri mno. Hii ikifika kwa wasiotutakia mema, wametushika mchana kweupe."

Siwema akampelekea Sajini Mlekwa hofu hiyo pamoja na ramani yenyewe. Mlekwa hakucheka. Aliiweka karatasi mezani, akauweka juu yake ule mkono wenye kovu.

"Binti, karatasi hii haitatumika ila kwa kuleta maji. Nakuapia kwa mkono huu."

Siwema alirudi sokoni akipita kibanda kwa kibanda kuwaambia.

"Ameapia mkono?" aliuliza Kapela.

"Ule ulioungua."

"Basi yamekwisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyo hawezi kutuchezea moto."

*

Mwezi mmoja baadaye ikatangazwa siku ya mahafali. Mheshimiwa Waziri mwenyewe angekuwa mgeni rasmi, na kadeti wangezima Moto wa Mfano mbele yake. Waliambiwa kwamba vibanda vitatu vitupu vingejengwa kwa shughuli hiyo, mahali ambapo pangetajwa baadaye.

Siku moja kabla ya mahafali, gari lenye vipaza sauti liliingia Mabanzi. "Kesho soko litafungwa kwa ajili ya upimaji wa mabomba ya maji. Kila mfanyabiashara aache mali yake ndani, afunge, aondoke. Mali italindwa na Serikali."

Watu walishangilia. Kapela alimnyanyua Siwema juu akasema huyu ndiye aliyetuletea. Bi Nyamizi naye alifurahi, lakini aliposikia mali italindwa na Serikali alianza kusokota khanga kuwa ngata, akaiweka kichwani, akainama kuichukua mashine.

"Mama, iache," alisema Siwema. "Watu wote wanakuangalia. Ukiibeba watasema hata mama yangu haamini kazi yangu."

"Mimi naiamini kazi yako. Hiyo sauti kwenye gari ndiyo siijui."

"Afande ameapa, mama."

Bi Nyamizi aliishusha ngata kichwani, akaikunjua. "Haya. Iko pembe ya kushoto, nimeifunika khanga ya bluu."

"Pembe ya kushoto, khanga ya bluu. Nimesikia."

*

Asubuhi ya mahafali kadeti walipandishwa lori bila kuambiwa waendako. Njiani Siwema aliona barabara imelowana, mahali pote panatoa harufu nzuri ya udongo baada ya mvua, na mvua haikuwa imenyesha. Hakulifikiria jambo hilo. Lori liliposimama akaona mahema, viti vya plastiki, Mkombozi aliyeng'arishwa, na nyuma yake Soko la Mabanzi lote limezungushiwa utepe mwekundu.

Karibu na jukwaa palikuwa na ubao mkubwa kama mlango wa gereji. Upande mmoja palichorwa jengo la vioo, lenye maandishi "Mabanzi Mpya: Maduka ya Kisasa". Upande wa pili ilikuwa ramani ya Siwema, imekuzwa. Misalaba yake miekundu ilikuwa imewekewa namba, kuanzia moja hadi thelathini, kwa utaratibu wa kuwasha.

Siwema alitoka mstarini. Mlekwa alikuwa amesimama chini ya hema, ana nyota mpya za Inspekta mabegani, na mikono ya shati lake ilikuwa imeshushwa na kufungwa vifungo.

"Afande, vibanda vina vitu ndani."

"Rudi mstarini, kadeti."

"Mashine ya mama yangu imo. Uliapa, Afande. Uliuweka mkono."

Mlekwa aliangalia jukwaa, akaangalia viatu vyake. "Nina miaka ishirini na sita kazini, Siwema," akasema kwa sauti ya chini. "Kiti nimekipata jana."

Siwema akarudi mstarini, kwa sababu alikuwa amefundishwa kurudi mstarini kwa miezi mitano na miguu ilijua yenyewe. Hilo hakujisamehe baadaye. Mengine aliweza kuwalaumu watu, hilo alijilaumu mwenyewe.

Mheshimiwa Waziri akasimama. "Ndugu wananchi," alisema, ingawa wananchi hawakuwepo, "katika nchi nyingine moto huanza kiholela. Hauna kibali, hauna ratiba, hauheshimu mamlaka. Sisi tumesema hapana. Leo naufungua moto wa kwanza katika historia yetu uliofuata taratibu zote." Akakata utepe. Akapewa mwenge mrefu, akaongozwa hadi msalaba namba moja, nyuma ya jiko la Kapela, palipokuwa na madumu ya mafuta kama mchoraji alivyoelekeza. Makofi yalikuwa mengi.

Kuwasha ilikuwa namba saba kwenye ratiba. Namba nane ilikuwa hotuba ya shukrani, namba tisa ngonjera, namba kumi kuzima. Hotuba ilimshukuru Waziri kwa moto, ikamshukuru mke wa Waziri kwa kumruhusu Waziri aje, ikamshukuru dereva. Watoto wa shule walipopanda kusema ngonjera ya hatari za moto, moto wenyewe ulikuwa umeshavuka kwa Kapela na kuingia safu ya mafundi cherehani, na mtangazaji akawaomba watoto wapaze sauti kwa kuwa mlio wa mbao unawameza.

Hapo miguu ya Siwema ikakataa. Alikimbilia Mkombozi, kadeti wanne nyuma yake. Mpira wa maji ulikuwa na utepe na mkasi haukuwepo, akaukata utepe kwa meno. Wakauvuta hadi mbele ya safu ya mafundi, joto likiwasukuma nyusoni, akapiga goti kama alivyofundishwa, akapiga kelele wafungue.

Wakafungua. Mpira ulikohoa, ukatema vumbi, ukatema maji ya kahawia yasiyojaza kikombe, ukalala. Lita elfu tano zilikuwa barabarani, chini ya magurudumu ya msafara, zikizuia vumbi.

Wale watano walibaki wameushika vile vile. Kisha kadeti mmoja, sijui kwa mazoea au kwa kuchanganyikiwa, akaanza kutoa sauti ya maji kwa mdomo. Jukwaani Mheshimiwa Waziri alifurahi sana, akapiga makofi.

Taarifa ya Idara ilisema kwamba moto ulidhibitiwa kikamilifu saa nane mchana, baada ya kukosa cha kuunguza.

*

Watu wa Mabanzi walikuja walipoona moshi. Askari waliwazuia nyuma ya kamba, kwa kuwa shughuli ilikuwa haijafika mwisho. Ilikuwa imebaki namba kumi na moja, tuzo.

"Kosa la kukata utepe bila mamlaka limesamehewa," alisoma Kamishna Mtambalike kwenye kipaza sauti, "kutokana na mchango mkubwa wa mkosaji. Kadeti bora wa mwaka, kwa ramani iliyoiwezesha Serikali kuwasha bila kubahatisha, ni Siwema binti Nyamizi."

Jina lilisikika hadi nyuma ya kamba. Siwema alipandishwa jukwaani, masizi usoni, na nishani ikachomekwa kifuani kwenye sare aliyoshonewa na mama yake. Aliposhuka, kamba ilikuwa imelegezwa na watu wanaingia kutafuta vyao kwenye majivu. Bi Nyamizi hakwenda kwenye majivu. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, kidole juu ya cherehani ndogo ya penseli.

"Hii ni yangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Umeichora wewe."

"Walisema ni ya maji. Afande aliapa."

Bi Nyamizi alilifuata gurudumu kwa kidole, polepole, mpaka akafika palipokuwa na ufa. "Umeichora vizuri. Hata ufa umeuweka."

Siwema angependa apigwe. Angepigwa pale pale mbele ya Waziri, angelia, na lingekuwa jambo lenye mwisho. Nyuma yao Kapela alikuwa anapita na kikaango kilichopindwa na moto. Akaitazama nishani, akasema bila hasira, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, "Kikulacho ki nguoni mwako." Zamani mtu akimsema Siwema, mama yake alijibu kabla neno halijaisha. Siku hiyo Bi Nyamizi alinyamaza.

*

Wafanyabiashara walihamia Kiwanja cha Matope, nyuma ya machinjio. Mashine ilipatikana kwenye majivu. Meza na khanga ya bluu vilikuwa vimekwisha, chuma kimebaki cheusi. Kapela huyo huyo aliisugua kwa mafuta ya taa siku mbili, fundi akaipigia meza mpya, ikashona tena kwa kelele ya kifua kibovu.

Siku moja Inspekta Mlekwa alifika na barua. Kundi la pili la kadeti lilikuwa linaanza, na Idara ilimteua Siwema kuwa kiongozi wao. Kazi yake ya kwanza ingekuwa ramani ya Kiwanja cha Matope.

"Sina penseli, Afande," alisema Siwema.

"Idara itakupa."

Siwema aliichomoa nishani akamnyooshea. Mlekwa hakuipokea. "Hiyo ni mali ya Idara," alisema. "Hurudishwa kwa fomu, nakala tatu." Alibaki amesimama, akavuta mkono wa shati lake chini, ingawa kovu tayari lilikuwa limefunikwa. "Binti, mimi nilidhani watatumia vile vitatu tu."

"Ulidhani, au uliambiwa?"

Mlekwa alikunja barua yake, akaondoka.

Siwema aliendelea kwenda kiwanjani kila akitoka shule. Hakuna aliyemtukana. Kapela alimwitikia salamu, akamuuliza habari za masomo, na wakati anauliza akavuta gunia kufunika madumu yake. Waliokuwa wanaongea habari za waya walianza kuongea habari za mpira wa miguu. Mmoja alimpisha kiti, na kwa kumpisha akasimama mbele ya mlango wake wa nyuma. Wote walikuwa wapole. Aliona afadhali wangemfukuza.

Jioni moja, nyumbani, Bi Nyamizi alipakua ugali na dagaa, akanawa, akaketi. Siwema alikuwa amenawa tayari. Alisubiri. Ilikuwa jioni ya ngapi sijui, alikuwa akisubiri hivyo tangu wahame, na kila jioni mama yake alimega tonge akaanza kula. Safari hii akaona aulize mwenyewe.

"Mama, siku hizi mashine unailaza wapi?"

Bi Nyamizi alimsogezea bakuli la mboga upande wake, palipokuwa na dagaa wengi.

"Ipo," akasema.